Uso wa Bi Kheiria

Nyumba tunayokaa Wadi Kabir, hapa Maskati, ina ghorofa mbili. Chini tumepanga sisi, mimi na mume wangu Talal na mwanetu Alaa, na nyuma ya ukuta wetu kuna gereji ya kupiga magari rangi, mashine yao inavuma mchana kutwa. Juu anakaa mwenye nyumba, Bi Nunu. Bi Nunu ni Mjapani. Watu wakiambiwa hivyo hucheka, maana wameshamsikia akimgombeza muuza samaki kwenye simu: "We Bakhit, nguru wako wa jana kaoza! Nna wazimu mie nile uvundo?" Kiswahili chake ni cha Unguja, tena cha kizamani. Talal anasema ukifumba macho utadhani ni bibi wa Malindi ya Unguja.

Kiswahili hicho alifundishwa na mama mkwe wake, Bi Kheiria, aliyekuwa na nyumba hii kabla yake. Hata jina la Nunu alipewa naye, kwa kuwa lile la Kijapani lilimchosha ulimi. Habari hii ni ya wao wawili, ingawa mmoja mimi sikumkuta.

Mimi nililetwa Maskati kutoka Tabora, kuja kuolewa. Nimesoma mpaka darasa la saba, Kiarabu nilikijua cha msahafu tu, na miezi ya mwanzo nilikuwa nikilia jikoni huku bomba nimelifungua ili Talal asisikie. Siku moja Bi Nunu akagonga mlango, kashika bakuli la wali wa nazi.

"Na mie nilikuwa nikilia hapo hapo," akasema, anaonesha sinki kwa kidevu. "Ila mie bomba sikulifungua. Maji yalikuwa ya kuletwa na gari."

Tangu siku hiyo nikawa napanda kwake, na Alaa alipozaliwa nikapanda naye. Ana meza pana karibu na dirisha, kalamu za kuchovya, chupa za wino, rula, brashi nyembamba kama unywele. Siku ya kwanza aliponiomba nimsaidie alinipa karatasi, kuna msichana kakaa, na juu ya nywele zake ametia alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, kwa penseli. Kwetu shule mwalimu akikuwekea alama ile umekosa. Nikamwambia, "Bi Nunu, mbona kizuri hiki umekikosoa?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Mkasi hapa maana yake jaza wino, mwanangu. Kila utakapouona mkasi, pajaze peusi."

Ikawa ndiyo kazi yangu. Nywele, vivuli, mabuibui, usiku. Nilikuwa najaza peusi huku Alaa amelala kwenye mto, na Bi Nunu akinihadithia vipande vipande, mkono wake haupumziki.

Kwao ni mji wa theluji, baba yake alikuwa fundi saa. Alipomaliza shule alikwenda Tokyo akawa msaidizi wa mwanamke mmoja mchoraji wa manga, zile hadithi za picha za kwao. Walikuwa wasichana wanne, wakilala chini ya meza wanazofanyia kazi. Mmoja alichora majengo, mmoja nguo, mmoja miti. Yeye alipewa mvua.

"Mvua tu, mwanangu. Mvua ya upepo, mvua ya manyunyu, mvua ya mtu aliyeachwa. Nikiota, naota imenyesha."

Uso ulikuwa wa mwalimu peke yake. Msaidizi hagusi uso. Mwalimu wao alikuwa akingoja ukurasa wote umalizike, nguo, mikono, vyombo, nyuso zimebaki tupu kama mayai, kisha anaoga, anakunywa chai, ndipo anakaa kuzitia macho. Bi Nunu akaichukua tabia ile: uso mwisho. Hata alipokuwa bwana wa kazi yake mwenyewe hakuiacha.

Maana baadaye alipata hadithi yake katika jarida la wasichana. Amenionesha. Kuna msichana mwembamba, kidevu kimechongoka, macho makubwa kama visahani, na ndani ya macho nyota na vimeremeto. Wasomaji walimpenda sana yule msichana. Kila mwezi walitaka macho yale yale, na Bi Nunu aliwapa, mpaka, anasema, akawa anaamka asubuhi kidole kinayachora chenyewe kwenye shuka.

Kisha akakutana na Thani, kijana wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, kapelekwa Yokohama kujifunza mitambo ya bandari. Wakaoana, akamleta hapa. Bi Kheiria alipoambiwa kuwa mke wa mwanawe kazi yake ni kuchora manga, alisema, "Basi kafika. Manga si ndio huku kwetu?" Wakacheka wote, maana Manga kwa watu wa Unguja ni huku Uarabuni, na bibi harusi naye akacheka bila ya kujua wanachekea nini.

Akawa anachora hapa, anapeleka kurasa kwao kwa posta. Lakini mchana kutwa Thani yuko bandarini Matrah, na yeye yuko jikoni na Bi Kheiria, anachagua mchele, anakuna nazi, anatazama. Na macho ya kwenye karatasi yakaanza kupungua. Kwanza nyota zikatoka. Kisha watu wake wakaanza kugeuka, ukawaona mgongo, shingo, mkono unaotoa kijiwe kwenye ungo. Kuna ukurasa mzima wa birika na mvuke wake. Mimi nilimuuliza, "Hapa mbona hapana kitu?" Akasema, "Hapo wananyamaza." Jarida halikumtaka tena. Akachapishiwa na watu wadogo wa kwao, vitabu vyembamba, wasomaji wachache.

Kimoja alinipa nikaenda nacho nyumbani. Vitabu vyao vinafunguliwa kwa kulia, kama msahafu, lakini picha mimi nilizizoea za kushoto, basi nikaanza mwisho bila ya kujijua. Nikaona mzee amelala kitandani, amekufa. Ukurasa wa pili amefumbua macho. Akainuka, nywele zikazidi kuwa nyeusi, akatoka nje, akarudi kwa mkewe, wakawa vijana, wakapeana mikono. Nililia kwa furaha. Nilipomweleza Bi Nunu aliweka kalamu chini.

"Usigeuze," akasema. "We kisome hivyo hivyo."

Kitabu alichokuwa akikichora nilipoanza kumsaidia kilikuwa cha Bi Kheiria mwenyewe, tangu alipokuwa msichana Unguja mpaka alipokuja kufa katika chumba cha nyuma, juu humu humu. Kitabu kizima uso wake hauonekani. Umemwona kwa nyuma, umeona kanga aliyojitanda, mvuke wa chungu umempita, fremu ya mlango imemkata. Msomaji anangoja. Ukurasa wa mwisho tu ndipo atamwona.

Na ukurasa huo wa mwisho ulikuwa tayari, tena zamani. Bi Nunu alinionesha mara moja, kaufunika kwa kanga ndani ya kabati. Karatasi imegeuka rangi kama chai ya maziwa. Mwanamke mzee amekaa kitandani, mikono juu ya magoti, mishipa yote ipo, hata uzi uliochomoka kwenye mto upo. Mahali pa uso ni patupu.

Ugonjwa wa macho ulianzia kwenye mistari. Bi Nunu alikuwa akilalamika kuwa rula imepinda. Nikaitazama rula, imenyooka. Kisha akaanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Mwanawe, Safwan, anayefanya kazi serikalini, akampeleka hospitali, wakamchoma sindano za jicho, moja baada ya nyingine. Daktari alisema pembeni ataendelea kuona, katikati ndiko kunakokufa.

"Nikikutazama naona masikio yako na mtandio," aliniambia. "Katikati pana moshi. Nikitaka kukuona inabidi nitazame ukuta."

Hapo ndipo alipotoa ukurasa ule kabatini.

Picha ya Bi Kheiria hakuna. Mwenyewe alikuwa hapendi kupigwa, na zile chache, na pasipoti yake, zilikuwa kwenye sanduku chini, maji ya kimbunga cha Gonu yakaingia ndani na kuzichukua. Wala hakukubali kuchorwa. Alikuwa akimwambia mkwewe, "Wasichana wako wa Kijapani wachore, hiyo ndiyo riziki yako. Mie uso wangu usiuchore. Siku ya Kiyama utaambiwa utie roho, utaweza?" Kwa hiyo uso wa Bi Kheiria ulikuwa mahali pamoja tu, kichwani mwa Bi Nunu, na kichwa kilikuwa kinafungiwa dirisha.

Akaanza kuujaribu kwenye karatasi nyingine. Asubuhi hata jioni. Nilikuwa nikipanda nakuta nyuso sakafuni, nyingine Alaa kashatambaa juu yake. Bi Nunu anachora kageuza kichwa pembeni, kama mtu anayemsikiliza jirani, ili aitumie ile sehemu ya jicho inayoona. Macho yanapandana. Pua inakwenda kwenye shavu. Alikuwa mtu wa mkono uliotulia, sasa anatupa kalamu, wino umeruka mpaka kwenye pazia.

"Tazama huyu," ananiambia. "Ndiye?"

"Bi Nunu, mimi sikumkuta."

"Najua hukumkuta! Nnakuuliza, ukimtazama huyu, anaweza kukugombeza na mkononi kashika sahani yako ya chakula?"

Nikatazama. Mikunjo ilikuwepo, ya kizee kweli. Lakini ndani ya mikunjo macho yalikuwa makubwa.

"Macho labda yapungue," nikasema.

Akayapunguza. Kufika karatasi ya pili yamekua tena. Alikuwa hayaoni, mkono unajiendea.

Safwan huja Ijumaa baada ya sala. Ijumaa moja mama yake hakumwachia hata aketi, akamtia karatasi mkononi. "Bibi yako huyu. Ndiye?"

Safwan aliitazama upesi. "Ndiye, mama. Bibi mtupu."

"Umemjua kwa kipi?"

Akanitazama mimi. Nikainama kumfunga Alaa kamba ya kofia.

"Kwa kanga," akasema.

"Kanga wote wanavaa. Nnakuuliza uso, Safwan."

Akakaa kwenye kiti cha mama yake, mtu mzima, kanzu nyeupe, kofia kichwani, akawa kama mtoto wa skuli aliyeulizwa hesabu. "Mama, nilikuwa mdogo. Mimi bibi namkumbuka harufu. Udi na vitunguu. Uso wake... nikitaka kuuleta, unakuja wako."

"Basi tupeleke Qurayyat," akasema Bi Nunu. "Kwa Bi Sayyida. Yeye hatanidanganya."

Bi Sayyida ni mdogo wake Bi Kheiria, ndiye wa mwisho aliyebaki katika watu wake, maana Thani naye alishafariki. Tukaenda siku ile ile, Safwan anaendesha, mimi na Alaa nyuma. Bi Nunu kaushika ukurasa wa zamani na karatasi nyingine aliyoiona bora, vyote viwili kavifunga katika ile kanga kavipakata kama mtoto. Njia ile ina milima tu, na yeye kichwa kakigeuza pembeni, anaiona kwa ukingo wa jicho.

Tulimkuta Bi Sayyida kwenye mkeka barazani, anatoa kokwa tende. Mkavu, mdogo, sauti kubwa.

"Mjapani! Umekuja kunizika? Mie bado."

"Sijaja kukuzika. Nimekuja unitazamie."

"Nikutazamie mie? Mtoto wako ana miwani ya riyali mia na hajui kutazama?" Akafuta mikono, akaichukua karatasi, akaiweka mbali, akaiweka karibu. Sote tukangoja. Nilimwona Bi Nunu kashika ncha ya mkeka.

"Nani huyu?" akauliza Bi Sayyida.

Akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha.

"Huyu mie simjui. Macho kama chewa katolewa majini. Dada yangu huyu? Dada yangu alikuwa na vijicho hivi!" Akashika kokwa ya tende, akaionesha. "Kipini chake cha pua kilikuwa kikubwa kuliko jicho. Huyu ni yule msichana wako wa magazeti. Umemzeesha tu."

Safwan akasema, "Bibi, taratibu."

"Mwache," akasema Bi Nunu. "Nilijua. Mkono wangu haujui mwengine." Kisha akasema kwa upesi, kama mtu anayekimbilia gari, "Basi niambie wewe. We unaona. Niambie pua ilikuwa vipi, kinywa vipi, na huyu Mama Alaa achore. Nnamruhusu. Chora, mwanangu."

Nikashtuka. Tangu nianze kazi kwake sijagusa uso. Nikamwambia siwezi, akanitia penseli mkononi akanifumba vidole.

Bi Sayyida akajiweka sawa. "Pua ya kwetu, ya Shangazi Zuwena."

"Mimi Shangazi Zuwena simjui, bibi," nikasema.

"Humjui Zuwena? Basi ya kawaida. Haikuwa ndefu wala fupi. Kinywa... kinywa cha mtu wa maneno. Weka hapa. Siyo hapo! Umemtia masharubu." Akaitazama kazi yangu, akaanza kucheka, mwili mzima unatikisika. "Kiazi! Wallahi amemchora kiazi kimejitanda kanga!" Hata Safwan akacheka. Hata mimi. Alaa naye kwa kutuona akapiga makofi.

Bi Nunu peke yake hakucheka. "Endelea," akasema. "Mashavu."

"Mashavu yake..." Bi Sayyida akainua mkono kuonesha, mkono ukabaki juu. Kicheko kikamkauka taratibu. Akatazama mlangoni, kama mtu anayengoja aingie mwenye mashavu hayo. "Ngoja. Nilikuwa nnamwona sasa hivi."

Akafumba macho.

"Kanga nnaiona," akasema. "Ile ya kisutu. Namwona anavyokwenda, bega moja limeshuka. Nikimgeuza anitazame..." Akaushusha mkono kwenye sahani ya tende. "Mbona hageuki?"

Kisha Bi Sayyida akamwambia mwenzake, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "Na weye ulikuwa naye kila siku. Mkono huo huo. Kwa nini hukumchora akiwa hai?"

"Alikataa."

"Mwisho hata hakukataa, nakumbuka. Ugonjwa ulipomlaza alisema, mwache anichore, nishachoka kumkataza."

Bi Nunu akaitikia kwa kichwa. Akaufungua ule ukurasa wa zamani katika kanga, akauweka juu ya mkeka. Hapo ndipo nilipojua ulichorwa lini.

"Siku hiyo hiyo alipokubali nilikaa mbele yake," akasema. "Nikaanza kitanda. Nikafanya mto. Nikafanya mikono, mikono ilinichukua mchana wote, alikuwa na mikono mizuri. Akanambia, Nunu, uso huutaki? Nikamwambia uso mwisho, mama, uso kesho, nishaoga nishakunywa chai yangu." Alisema hivyo bila ya kulia. "Alfajiri nikamkuta kashaondoka."

Bi Sayyida alinyoosha kidole akaigusa mikono ya kwenye karatasi. "Hii ndiyo," akasema. "Hii ndiyo mikono yake." Akaegemeza kichwa ukutani akajifunika kanga yote, usoni mpaka magotini, tukamsikia akilia.

Njiani kurudi Bi Nunu kaupakata ule ukurasa. Safwan alijaribu, "Mama, watu wa kitabu hawamjui bibi. Uso wowote watauamini." Akamjibu, "Ndiyo maana siwapi wowote." Basi.

Kesho yake asubuhi nilipopanda, zile nyuso za sakafuni zote ameshazitia kwenye mfuko wa taka. Mezani pana ukurasa wa zamani peke yake. Amekaa kando, mikono mapajani. Nikamlaza Alaa, nikasogea, nikaona. Pale mahali patupu, katikati ya kanga, ametia alama ya mkasi kwa penseli. Mkasi wenyewe umekwenda upande, haukupata katikati.

"Bi Nunu."

"Jaza."

"Tupaache hivi hivi peupe. Pazuri."

"Peupe mtu atapajaza mwenyewe," akasema. "Ndivyo msomaji alivyo, mie nawajua. Atamtia macho anayoyataka, atamtia yale makubwa. Sitaki mtu amtie macho Bi Kheiria. Jaza."

Nikachanganya wino. Nikashusha pumzi kama alivyonifundisha. Alisikia nachovya brashi.

"Lakini niachie kipini," akasema. "Umesikia alivyosema Bi Sayyida, kilikuwa kikubwa kuliko jicho. Niachie nukta nyeupe tu, ndogo, kama kinapigwa na taa. Hicho nnacho. Hicho nakiona."

Nikafurahi, nikaona angalau patabaki kitu. Nikainama karibu, nikapima kwa jicho pua ingekuwa wapi.

"Kilikuwa upande gani, Bi Nunu?"

"Kulia," akasema mara moja. Kisha akainua kidole akagusa pua yake mwenyewe upande wa kulia. Akakileta kushoto. Akakaa na kidole pale. "Ngoja. Alikuwa akikaa pale, mie nakaa hapa. Kwangu kilikuwa... Kushoto. Ngoja."

Mashine ya gereji ikanyamaza, nadhani walikuwa wanabadilisha rangi. Nikawa nasikia pumzi yake. Kidole kilikwenda kulia tena, kikarudi.

"Nimpigie simu Bi Sayyida?" nikauliza.

Akakigeuza kichwa ukutani, namna anavyofanya akitaka kuniona.

"Usimpigie," akasema. "Na yeye akiwa hajui, itakuwaje?"

Wino kwenye ncha ya brashi ulianza kukauka, nikauchovya tena.

"Jaza pote, mwanangu."

Nikaanza pembeni, pale kanga inapomalizikia, nikaenda ndani.